Mtaa wa Vitofali Juu ya Meza ya Kukatia

Tarehe 3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia moyoni hata kabla ya kufungua bahasha. Sisi hatujambo. Bibi yako hajambo ila goti, na goti lenyewe huuma akitumwa tu. Akiitwa kula linapona. Fundi saa wa chini anakusalimu, anasema tangu uondoke hana mtu wa kumuuliza maswali yasiyo na majibu. Mimi ni mzima, kazini salama, kola zinashonwa kama kawaida.

Sasa nikwambie. Mtaa wako uko vilevile juu ya meza yangu ya kukatia kama ulivyouacha likizo ilipoisha. Nyumba kumi na moja za vitofali vya plastiki, zahanati inawaka moto kwa vile vya rangi ya chungwa, na watu sita wameduwaa barabarani pamoja na mbwa. Nimeufunika kwa shuka jepesi. Mkwe wangu amesimama juu ya paa la benki na joho lake jekundu. Namwita mkwe kwa sababu ndiye mwanamume pekee uliyewahi kumleta hapa nyumbani, basi nimempokea kama alivyo, kimo cha kidole.

Bibi alimtazama sana akauliza, "Huyu anaruka bila mabawa, anashika wapi?" Nikamweleza ni yule shujaa wa vitabu vya picha uliyekuwa ukimsoma chini ya cherehani yangu, na kwamba wewe na wenzako mnampenda mpaka mmeamua kumtengenezea filamu zenu wenyewe huko chuoni. Akasema basi kosa si lake, ni lenu.

Ulisema limebaki tukio la mwisho, na kwamba mtaa huu ukipandishwa treni utafika chengachenga. Basi usipande. Niandikie la kufanya. Nimeshona miaka ishirini na sita. Mkono ulioshona kola mia mbili zisizotofautiana hata uzi hauwezi kushindwa kumsogeza mtu wa plastiki. Fundi saa nimeshamwambia kwamba mimi na wewe tunatengeneza filamu.

Mama yako, mzima wa afya.


Tarehe 14 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Bibi naye shikamoo, na goti lake pia. Mimi nasoma, nakula, nalala, usianze kuuliza. Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu yetu hukatika kabla hatujavuka salamu, na haya ninayosema inabidi uyabandike ukutani.

Sekunde moja ya filamu ni picha kumi na mbili. Tukio la mwisho ni sekunde tisini na tano. Kwa hiyo ni picha elfu moja mia moja na arobaini. Kila picha: msogeze kidogo tu, upana wa mshono mmoja, toa mkono, bonyeza kile kitufe cha waya, vuta pumzi, rudia. Kamera yenyewe usiiguse hata kwa kuifuta vumbi. Fanya jioni ukitoka kazini, pazia limefungwa, taa zote mbili zikiwaka. Anashuka kutoka paa la benki, anavuka barabara, anaingia zahanati, anatoka na mgonjwa mikononi. Basi.

Nikueleze na sababu ya haraka yangu. Mwaka ujao darasa la filamu linachukua watu watatu. Tuko kumi na tisa. Asiyechukuliwa anahamishiwa kuchora mabango. Filamu nzima lazima iwe mezani kwa mwalimu tarehe 20 Juni. Bila tukio la mwisho nina shujaa aliyesimama juu ya paa akitazama watu wakiungua, na kwa filamu hiyo hata mimi mwenyewe nisingejichagua.

Una hakika hutachoka? Unatoka kazini umechoka.

Mwanao.


Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi sana. Bibi hajambo, amepata miwani mpya na sasa anaona makosa yangu yote. Mama wa ghorofa ya pili amejifungua salama, mtoto wa kike, mkubwa kama mkate. Kazini wazima.

Imekwisha. Sikuchoka hata kidogo, na wala usinishukuru. Kadi ya kamera nakutumia pamoja na barua hii, iko ndani ya kopo dogo la vifungo, imezungushiwa pamba. Picha elfu moja mia moja na arobaini, nimezihesabu kwa kuchora vijiti kwenye karatasi ya mtindo wa nguo, na karatasi imejaa pande zote mbili.

Kitu kimoja ulikisahau, nikakirekebisha. Ulisema ashuke, avuke, aingie. Nikajiuliza, mtu gani aliyelelewa anaingia mtaani na kuanza kuruka juu ya vichwa vya watu bila hata hamjambo? Watasema katoka nyumba gani? Basi ameshuka vizuri, akaanza na yule mzee wa kibanda cha magazeti, akainama kidogo. Kule kuinama nilikufanya kwa picha tisa, utaona kulivyolainika. Kisha akamwendea mama mwenye kikapu, kisha wale wawili wa kwenye benchi, mmoja mmoja, hakumruka mtu. Ndipo akaingia motoni. Nilipunguza zile za kuruka ili hesabu isizidi.

Fundi saa na jengo zima wameziona kwenye kioo cha kamera. Wote wamesema neno moja: huyu kalelewa. Nikawaambia mnashangaa nini, hamjui kalelewa na nani.

Mama yako.


Tarehe 15 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mpe hongera mama wa ghorofa ya pili, na umwambie nitakuja kuuona huo mkate.

Nimeitazama mara nne. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa chumba akaja kuuliza nimepatwa na nini. Mara ya nne sikucheka.

Mama, zahanati inaungua. Kuna mgonjwa dirishani anapunga mkono. Na shujaa wetu anasalimia watu kwa sekunde arobaini na nne. Amemsalimia hadi mbwa.

Mkono wako ni imara kuliko wangu, mwalimu akiona huko kuinama atauliza kumefanywaje. Lakini tukio lote lirudiwe. Ashuke, avuke, aingie, atoke. Asimtazame mtu. Najua unasemaje hapo uliposimama. Naomba ulifanye hivyo hivyo. Kadi nakurudishia ndani ya kopo lake.

Na jingine. Katika picha zako nyingi kuna mstari wa jua juu ya paa la benki, na unatembea, kufikia mwisho uko barabarani. Ni ule mpasuko wa pazia upande wa kulia. Saa ya kamera ile iliharibika zamani lakini jua halijaharibika, na mstari ule huingia saa nne asubuhi ukatoka saa sita. Saa nne wewe uko kazini. Nani alikuwa akipiga?

Mwanao.


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Nimechelewa, najua. Bibi ameniuliza kila siku kama nimekujibu, nami kila siku nikamwambia barua si chapati. Hatujambo wote.

Kusema kweli nilinuna. Siku nane sikulifunua shuka. Mtu anafanya kazi ya elfu na zaidi halafu anaambiwa mbwa. Nilipanda juu, nikashuka chini, nikamlalamikia fundi saa. Nilitegemea aniunge mkono. Akaniuliza, "Dada, nyumba yako ikiungua na mimi nikasimama mlangoni kukuuliza habari za watoto, utaitikia?" Nikamwambia atengeneze saa. Lakini nilirudi juu nikakaa mbele ya mtaa, nikamtazama yule mgonjwa dirishani, kweli mkono wake uko juu tangu Februari.

Basi nimeanza upya. Nimefumua nguo nyingi kuliko ulizowahi kuvaa, sitashindwa na picha. Safari hii mkwe hamtazami mtu. Ilinikera mpaka picha ya mia mbili, baadaye nikamwelewa, ana haraka. Alipotoka na mgonjwa nilimfanya ayumbe kidogo, kwa sababu mtu mzima ni mzito hata akibebwa na shujaa. Hilo usiniambie nirudie, sitarudia.

Kuhusu jua, pazia nimelishona mpasuko wote, hutaona mstari tena. Nilikuwa nikipiga mimi. Siku hizi tumewekwa zamu ya mchana, asubuhi niko nyumbani.

Kadi nakutumia tena kwenye kopo lilelile. Mwalimu akiuliza aliyefanya, mwambie ni mama, kisha uniandikie uso wake ulivyokuwa.

Mama yako.


Tarehe 19 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Bibi shikamoo.

Sina cha kurekebisha. Nimerudia kutazama pale anapoyumba mara nyingi sana. Mimi nisingewaza hivyo, ningemtoa wima kama mlingoti. Wenzangu waliokuwa wakipiga kelele chumbani walikuja kusimama nyuma yangu kutazama.

Sasa nina jambo ambalo nilipaswa kukwambia tangu Machi. Sheria ya chuo inasema mtu yeyote asiye mwanafunzi akigusa filamu yako, ajaze fomu, la sivyo sehemu aliyoigusa inakatwa. Niliogopa wakijua wangeona sikufanya mwenyewe. Aprili mwalimu aliniuliza nani ananisaidia, nikamjibu hakuna. Nilikukana, Mama, wewe ukiwa huko unahesabu vijiti. Nilipoona zile picha mpya sikuweza kulala na jambo hilo. Jana nimekwenda kumwambia ukweli. Hakufurahi, lakini amenipa fomu. Imo humu ndani ya bahasha.

Ni fupi. Jina, kazi unayofanya, mahali pa kazi, maelezo ya ulichofanya, saini, na muhuri wa mahali pa kazi, ili wajue ni mtu wa kweli na si jina la kubuni. Mpe msimamizi wenu aipige muhuri, ni dakika moja. Irudi kabla ya tarehe 20 Juni. Ikikosekana wanalikata tukio lote la mwisho.

Mwanao anayeomba radhi.


Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Radhi nimekupa, hata usingeomba ningekupa. Ningekuwa wewe pengine ningemwambia mwalimu hivyohivyo. Kukana ni kubaya lakini umerudi kusema, hapo ndipo ninapojua nilikulea mimi.

Bibi hajambo. Mvua imevujisha dari la ngazini. Mtoto wa ghorofa ya pili ameanza kucheka. Fundi saa amepewa saa kubwa ya ukutani kuitengeneza, inalia wakati wowote inaojisikia, jengo zima limechanganyikiwa. Nimeona kitambaa kizuri cha bluu sokoni, nikakukumbuka.

Huku hakuna jingine.

Mama yako.


Tarehe 7 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma, nikaitikisa na bahasha. Fomu haimo, wala hukuitaja. Zimebaki siku kumi na tatu.

Kuna nini?

Mwanao.


Tarehe 12 Juni

Mwanangu,

Bibi anakusalimu, na ndiye amenikalisha kitako niandike hii.

Sina kazi. Kiwanda kiliniachisha tangu mwezi wa Januari. Walileta mashine inayoshona kola yenyewe, mtu anaweka kitambaa tu na kusimama pembeni kama mgeni, na sisi tisa tukapunguzwa. Ulipokuja likizo ya Februari nilikuwa nimeshakaa nyumbani wiki tano. Zile asubuhi ulizoniona nikitoka na mfuko wangu wa chakula, nilikuwa nikiishia kwa fundi saa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja hadi jioni, kisha nikapanda ngazi nikisema leo tumechoka. Na wewe ukanipikia. Hakuna zamu ya mchana. Hakuna zamu yoyote.

Sikukwambia kwa sababu wewe ungeacha shule ukarudi, nakujua. Na kwa sababu nimejisifu kwa mkono huu miaka yote, nikashindwa kutamka kuwa umepitwa na chuma.

Fomu ilipofika niliiweka chini ya godoro. Barua yako ya pili ilipofika niliitoa, nikavaa gauni la kijani, nikaenda kiwandani. Msimamizi alinipokea vizuri tu. Akasema, "Mama, muhuri ni wa wafanyakazi." Nikamwambia, "Kola ya shati ulilovaa ni mkono wangu, itazame." Akaigusa, akasema sheria ni sheria. Nikatoka. Mlangoni karani wake, yule binti mwembamba tuliyekuwa tukila naye, akanivuta kando. "Leta hapa, shangazi, yuko ndani anazungumza na simu. Andika tu kwamba bado uko nasi, nakupigia muhuri, nani atajua?"

Alishafungua kidau cha wino. Karatasi ilikuwa mezani, na muhuri uko juu yake, umbali wa kidole. Nikakuwaza wewe, umekwenda kwa mwalimu kwa miguu yako kusema, nilidanganya. Nikaivuta karatasi. Nikamwambia ahsante mwanangu, usiniponze nami nisikuponze.

Nimeijaza mwenyewe. Pa muhuri ni patupu. Kama wataikataa, watakuwa wamelikata tukio lako kwa sababu yangu, na hilo nalibeba. Lakini waliloandikiwa humo ni kweli tupu.

Mama yako.


Tarehe 3 Julai

Mama mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena.

Fomu ilifika tarehe 19, siku moja kabla. Niliipeleka kama ilivyo. Walimu walikuwa wanne nyuma ya meza ndefu, na mmoja akainua karatasi yako kwenye mwanga kana kwamba muhuri umejificha ndani. "Hii haijakamilika," akasema. "Tunajuaje kama mtu huyu yupo?" Nikamwambia, "Someni maelezo yake." Akakataa. Mwalimu wangu, yuleyule niliyemdanganya, akaichukua akasoma kwa sauti. Nimeinakili hapa ili uione jinsi ilivyosikika:

"Mahali pa kazi sina. Nilipunguzwa Januari. Mimi ni mshonaji. Picha hizi nimepiga mwenyewe mezani kwangu, moja moja, elfu moja mia moja na arobaini. Kabla yake nilipiga nyingine idadi hiyohiyo, mwanangu akazikataa, na alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyesema kila kitu kiweje, mimi nilikuwa mkono. Isipokuwa shujaa anapoyumba, hapo ni mimi. Asiyeamini aje atazame, mtaa bado upo na chai ipo."

Hakuna aliyecheka. Yule wa kwanza akauliza, "Anapoyumba ni wapi?" Wakazima taa wakatazama tukio zima. Ilipofika pale, akasema, "Rudisha." Wakarudisha mara mbili. Kisha wakaniambia nitoke nje.

Nilikaa kwenye korido saa nzima na dakika kumi, kisha nikaambiwa nisubiri majina. Majina yamebandikwa juzi. Niko wa tatu, Mama. Wa mwisho kati ya watatu, lakini ndani.

Nimekaa siku mbili bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na sasa naweza kusema kwa nini. Si kwa ajili ya kazi. Ni meza. Umepunguzwa tangu Januari, na meza pekee unayoweza kukatia nguo za watu ndiyo niliyoijaza vitofali tangu Februari. Ulikuwa unakatia wapi? Sakafuni? Na mgongo huo? Miezi mitano ulinitazama nimeikalia meza yako, wewe ukishona mpasuko wa pazia ili nisijue.

Nakuja Jumamosi ya tarehe 18. Nakuja na maboksi. Nitaubomoa mtaa wote, nitaifuta meza, nitakurudishia.

Mwanao.


Tarehe 10 Julai

Mwanangu, mwanafunzi wa darasa la filamu,

Marahaba mara tatu. Bibi aliposikia alisimama bila kushika kitu, kisha akakumbuka goti akaketi. Jengo zima wanajua. Nimewaambia umekuwa wa pili. Ukija wasahihishe wewe, mimi nimeshasema. Karani wa kiwanda naye alipita kunijulia hali, nikampa habari zote, nikamwomba amsimulie msimamizi polepole, asiache kitu.

Nilikuwa nakatia kitandani, si sakafuni. Usinizidishie. Sasa nakatia juu ya mlango. Fundi saa alikuwa na mlango wa zamani wa stoo, tumeulaza juu ya viti vinne vya Bibi, umesawazika kuliko meza yenyewe. Wiki hii nina magauni mawili ya ghorofa ya pili na sare ya mtoto wa mwenye duka. Watu wanakuja kupimwa wanauona mtaa, wanauliza, naeleza, wanachelewa kuondoka, na wakirudi wanakuja na mtu mwingine. Hiyo ndiyo shida yangu ya kukosa meza.

Kwa hiyo nisikilize. Umeingia darasani kwa mwaka mzima, na darasa la filamu halitaki filamu moja. Mtaa huu haubomolewi. Nimeshazima moto wa zahanati, vitofali vya chungwa viko kwenye kopo, na nimeanza kujenga upya ukuta ulioungua, kitofali kimoja kwa picha moja, mafundi ni wale watu sita. Nimefika picha ya tisini na nne. Kama hutaki tukio hilo, sema mapema, lakini useme na sababu.

Tarehe 18 njoo. Maboksi yaache huko huko. Leta balbu mbili, ya kushoto imeungua jana na siwezi kuendelea na taa moja.

Mama yako, mshonaji.